Sekunde Ishirini na Nane za Msiba

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatatu, mfanyabiashara mmoja wa mahindi aliingia katika steshenari yangu pale Mazwi, mjini Sumbawanga, kutoa kopi ya leseni yake, na wakati mashine inapata moto akaniwekea simu yake usoni. "Madam, umewaona watu wako wa Sumbawanga?" Najua muda kwa sababu kila kopi ya mteja niliiandika kwenye daftari pamoja na saa yake, na mstari wa siku ile unasomeka "3:40, leseni, kopi 2", kisha hakuna kitu kingine mpaka Jumamosi. Kwenye kioo cha simu alikuwepo bibi kizee amelala juu ya udongo mbichi wa kaburi, uso umepakwa majivu, amevaa koti la kiume lililogeuzwa ndani nje. Alikuwa anapigapiga udongo kwa kiganja na kufungua mdomo. Sauti yake haikusikika. Iliyosikika ilikuwa sauti ya mwanaume, nzito, ya mtu aliyezoea kutangaza, ikisema kwamba huyu ni mchawi aliyenaswa makaburini Sumbawanga akimwamsha maiti ili akamlimishe shamba. Mfanyabiashara alicheka, akatikisa kichwa, akauliza ni shilingi ngapi. Video ile nilikuwa nimeiona siku nane kabla, ikiwa na sauti yake ya kweli, na nilikuwa nimeipa alama tisa kati ya kumi.

Mwezi uliopita tulimzika Bibi Skolastika, yule aliyekuwa kwenye video. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, na maneno hayo nayaandika kwa makusudi, kwa sababu katika mwaka ninaousimulia hapa hakuna aliyekuwa na hakika kwamba angepata kifo cha namna hiyo. Siku ya mazishi nilikaa jikoni na akina mama tukichambua maharage, na pembeni yangu alikaa Oresta, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu na sasa ana watoto watatu. Akina mama walikuwa wanabishana kama marehemu alikuwa anaweka chumvi kabla au baada ya mboga kuiva. Oresta aliinama kuokota punje iliyoanguka, akaniambia bila kunitazama, "Madam, andika. Hawa watoto wanajua Bibi alikuwa mcheshi. Hawajui kingine." Nilimwambia nitaandika mwaka ule mmoja tu, kwa mpangilio, na nitaandika pia makosa yangu. Akasema, "Hayo ndiyo uanze nayo."

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ulikuwa mwaka wa sita tangu nihamie Sumbawanga kutoka Mbeya. Sikuwahi kufundishwa kompyuta na mtu. Nilijifunza kwa kubonyeza kitufe, kuandika kilichotokea, kisha kubonyeza kingine, na madaftari ya kazi hiyo ninayo hadi leo. Mwaka ule simu za kupangusa ziliingia Ufipa kwa wingi ambao sikuutegemea. Wazazi waliuza mahindi wakawanunulia watoto simu, kisha wakaniletea dukani wakiuliza inazimwaje. Binti mmoja alitapeliwa ada na mtu aliyejifanya mfadhili. Kijana mwingine alitoa neno lake la siri kwa rafiki aliyemwahidi bando. Nikaomba chumba cha katekesi nyuma ya kanisa, nikaanza darasa la Jumamosi, saa nane hadi saa kumi mchana, bila malipo. Walikuja vijana kumi na wanne. Chumba kilikuwa na mabenchi marefu ya mbao, sakafu ya saruji inayotoa baridi kupitia viatu, na harufu ya nta ya mishumaa. Tulikunywa chai ya rangi kutoka kwenye chupa yangu na kula viazi vitamu vilivyochemshwa, ambavyo kila wiki mwanafunzi mmoja alipangiwa kuleta. Nikiwa nimewageuzia mgongo kuandika ubaoni niliwasikia wakinong'onezana.

"Neno lako la siri ni jina la demu wako, nakujua."

"Silo. Ni la ng'ombe wetu."

"Basi umekwisha. Ng'ombe wenu anajulikana mtaa mzima."

Nilikuwa na kanuni sita. Usitoe neno lako la siri. Usitume pesa kwa mtu usiyemwona. Usikubali urafiki wa usiyemjua. Usipige picha ya mtu bila ruhusa. Usiandike mahali unapokaa. Ukiogopa, mwambie mtu mzima. Nilizichapa kwa herufi kubwa, nikazipitisha kwenye mashine ya plastiki, nikampa kila mmoja kadi yake. Nilizipenda kanuni zile. Zilionekana kamili, na mimi ni mtu ninayependa jambo linalokaa kwenye kadi moja. Wiki ya tisa nikawapa kazi: kila mmoja apige video isiyozidi nusu dakika, ya jambo la nyumbani kwao ambalo mtu wa mbali halijui, kisha aitume kwenye kundi la darasa tu. Neno "tu" nililipigia mstari mara mbili.

Oresta alikuwa na miaka kumi na saba, na wiki ile babu yake, Mzee Ladislaus wa Mollo, nje kidogo ya mji, alifariki. Nilimwambia asiifanye kazi ile. Akaifanya. Ukoo wa babu yake na ukoo wa Bibi Skolastika ni watani tangu zamani ambazo hakuna anayezikumbuka, na kwenye msiba mtani ana kazi yake kama padri alivyo na yake. Waliofiwa wamevunjika, mtani anakuja kuwatoa walipo. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamtukana, anazuia jeneza mpaka apewe kuku. Bibi Skolastika alikuwa hodari kuliko wote. Alijipaka majivu ya jikoni, akavaa koti la Mzee Ladislaus, na kaburi lilipokwisha kufukiwa akajilaza juu yake na kupiga udongo kama mtu anayegonga mlango. "Ladislaus! Amka unilipe pombe yangu! Ulidhani ukikimbilia huku sitakufuata?" Nyuma yake watu waliokuwa wanalia walisikika wakicheka na kulia kwa pamoja, na sauti ya mjane, Bibi Leokadia, ikasema, "Mtoeni huyo, atamrudisha kweli, na mimi nimeshachoka kumpikia." Sekunde ishirini na nane. Oresta alikuwa ameomba ruhusa kabla ya kupiga. Hakuonyesha namba ya simu, wala mahali, wala mtoto. Alituma kwenye kundi la darasa tu. Nilicheka peke yangu dukani, nikampa tisa. Moja niliiondoa kwa sababu mkono wake ulitikisika.

Jumatatu ile nilifunga duka kabla ya saa nne. Shule zilikuwa likizo, kwa hiyo saa sita mchana nilikuwa na wanafunzi tisa kati ya kumi na wanne katika chumba cha katekesi, na hakuna aliyegusa viazi. Niliuliza nani ameitoa video nje ya kundi. Kisha Joakimu, kijana mrefu wa Mazwi ambaye ndiye aliyekuwa akinibebea ubao, akanyoosha mkono kama tuko kwenye somo.

"Nilimrushia bro tu, madam."

"Bro yupi?"

"Yule utingo wa lori. Alikuwa amekwama Tunduma siku ya tatu. Nikasema acheke kidogo."

"Ulimwandikia nini?"

"Niliandika, 'Cheki bibi.'"

"Basi?"

"Basi, madam. Kwani bro ni wa hapa. Anajua."

Ni kweli, kaka yake alijua. Lakini aliyekaa naye kwenye lori hakujua, na yeye aliomba arushiwe, na kuanzia hapo video ilisafiri na maneno mawili ambayo ndani yake hapakuwa na mtani, hapakuwa na Ladislaus, hapakuwa na msiba wowote. Mahali fulani mtu ambaye hatujamjua mpaka leo aliona bibi juu ya kaburi, akasikia jina Sumbawanga, akaona hadithi yake imekamilika. Mji wetu una jina la uchawi huko nje; watu hutania kuhusu radi na ungo hata wakiwa hawajawahi kufika. Aliondoa sauti ya Bibi akaweka yake. Joakimu hakuvunja kanuni hata moja kati ya zile sita. Niliitoa kadi mfukoni nikaisoma mbele yao ili niwe na hakika, nikairudisha.

Tulifika Mollo kwa bodaboda saa tisa, mimi na Oresta. Bibi Skolastika alikuwa anaishi peke yake katika nyumba ya matofali ya kuchoma, na jiko lake lilikuwa kibanda cha pembeni chenye paa jeusi kwa masizi. Alikuwa anasonga ugali wa ulezi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda kwa mguu. "Mtu wa Mbeya. Umekuja kula au kunikagua?" Tulikula kwanza, kwa sababu hakukubali mazungumzo kabla ya chakula: ugali, msusa, yaani majani ya maboga, uliopikwa kwa karanga, na samaki wawili wa migebuka ambao najua alikuwa amewahifadhi kwa siku nyingine. Kisha nikampa simu, sauti nikiwa nimeizima. Aliitazama kwa makini, simu akiishika mbali na macho. "Kumbe nalala vizuri hivi," alisema. "Ladislaus mwenyewe hakulala hivyo." Oresta akaanza kulia. Nikafungua sauti. Bibi aliisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe, akaisikiliza tena, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Ndiyo maana," alisema.

"Ndiyo maana nini, Bibi?"

"Asubuhi wasichana waliniona bombani wakaacha ndoo. Na jirani alikuwa ameazima ungo wangu. Ameurudisha." Alionyesha kwa kidevu. Ungo ulikuwa umelala kifudifudi katikati ya uwanja. "Hakuingia. Ameurusha juu ya ua."

Sitaki kutia chumvi. Sisemi kwamba Mollo nzima ilimwamini yule mtangazaji. Watu wengi walikuwepo msibani na walijua. Lakini vijana wa tanuri la matofali hawakuwepo, wapangaji wapya hawakuwepo, wala watu wa vijiji vya jirani, na kwa jambo kama hili wanatosha watu watatu. Macho ya Bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka arobaini. Alikuwa mjane, peke yake, mwenye shamba zuri karibu na barabara. Mabibi wa aina hiyo wameuawa katika nchi yetu kwa sababu ndogo kuliko video. Yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi, na hakulitamka. Aliosha sahani, akaokota ungo, akaupangusa, akautundika mahali pake. Nilipoaga niliamua mambo mawili: bibi huyu hatahama, na mimi sitafungua duka mpaka jambo hili liwe na mwisho. Jioni ile ile nilitoa taarifa katika ofisi ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa akapanga wazee wawili wawe wanapita kwake kila siku kabla ya jua kuzama.

Kisha nikafanya kosa la pili, na hili sikumshirikisha mtu. Jumanne nilichapa tangazo. Liliandikwa kwa Kiswahili safi: kwamba video inayosambaa ikimwonyesha Bibi Skolastika wa Mollo akifanya uchawi ni ya uongo na wananchi waipuuze. Nilitoa nakala sitini, nikabandika bombani, dukani, kwenye mashine ya kusaga, kwenye mti wa mnada. Jumatano asubuhi nilisimama karibu na bomba, nimejifunga khanga kichwani, nikasikiliza wanawake wawili wakisoma.

"Kumbe ndiye Skolastika! Mimi niliiona ile video, sikumtambua kwa majivu."

"Mimi hata sijaiona. Nani anayo?"

"Ninayo. Lakini wanasema ni uongo."

"Kama ni uongo, wangepoteza karatasi zote hizi za nini?"

Nilikuwa nimewapa jina ambalo video haikuwa nalo. Nilizunguka na Oresta tukibandua tangazo moja moja kwa kucha, na nilipofika la hamsini na nane nikakaa chini kwenye kizingiti cha mashine, kwa sababu mawili yaliyobaki sikuyaona na nilijua yako kwenye mfuko wa mtu. Oresta alikaa pembeni yangu. Akasema, "Madam, karatasi haiwezi kutania." Nilimwuliza ana maana gani. Akaniambia kwamba watu wa Mollo hawakuhitaji kuambiwa Bibi si mchawi. Walihitaji kumwona mwenye msiba akimjibu. Katika utani wa msiba kuna anayetania na kuna anayetaniwa, na kwenye video ile mmoja alikatwa. "Mrudishe bibi yangu, madam. Yeye ndiye aliyelaliwa mume."

Lakini bibi yake, mjane Leokadia, alikuwa bado kwenye siku za kukaa ndani. Mjane hatoki kwenye mikusanyiko kabla ya kumaliza matanga, na aliyekuwa mkali zaidi kwa desturi hiyo ni yeye mwenyewe. Tulimkuta amekaa mkekani chumbani, dirisha limefungwa, na wifi zake wawili wakizungumza Kifipa kwa sauti ya chini. Oresta alimweleza yote kwa Kifipa; mimi nilielewa nusu. Wifi mmoja alikataa hapo hapo. Bibi Leokadia aliuvuta ukindu uliochomoza kwenye mkeka. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Na wewe ndiye uliyewatuma watoto wapige picha?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Basi nitatoka," alisema. "Ladislaus angekuwa hai angetoka. Tena angetangulia."

Mkutano uliitishwa na mwenyekiti wa mtaa Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye uwanja mbele ya ofisi yake. Upepo wa mwezi wa sita ulikuwa unakata masikio na watu walikuja wamejifunika mablanketi. Vijana wa tanuri walisimama kwa safu nyuma, na mmoja wao alikuwa na simu mkononi ikiwa tayari. Bibi Skolastika alisimama mbele. Hakuna aliyesimama karibu naye kwa hatua nne. Nilizipima kwa macho, kisha nikazivuka nikasimama upande wake wa kushoto. Mwenyekiti hakumaliza salamu. Kijana mwenye simu alisema kwa sauti, "Mwenyekiti, sisi hatuna maneno mengi. Atuambie mwenyewe alikuwa anatafuta nini kaburini." Sauti mbili tatu zikaitikia. Bibi alilishika pindo la khanga yake kwa mikono miwili.

Hapo ndipo watu wa pembeni walipoanza kupisha. Bibi Leokadia alikuja anatembea katikati ya uwanja, kitambaa cha ujane kichwani, na juu ya nguo zake nyeusi alikuwa amevaa koti lile lile la mume wake, ndani nje. Alienda moja kwa moja hadi kwa Skolastika, akasimama pua kwa pua naye.

"Mwizi mkubwa wewe! Ulivaa koti la mume wangu ukalirudisha bila kifungo. Kifungo kiko wapi?"

Nilidhani Bibi Skolastika hataweza. Kisha kidevu chake kikanyanyuka.

"Nimekimeza. Mume wako alinidhulumu pombe, nikasema nile hata kifungo."

"Na nani alikutuma ulale juu yake mbele ya watu?"

"Nilikuwa nampima. Alivyokuwa na tumbo lile, niliogopa mmechimba shimo dogo."

Wazee walicheka kwanza. Kicheko kilianzia kwa mzee mmoja mwenye fimbo aliyekaa mbele, kikaenda kwa akina mama, kikawafikia hata wale wasichana wa bombani. Bibi Leokadia alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Kijana wa tanuri alitazama kulia na kushoto.

"Kwa hiyo ni mtani tu?"

"Tu?" mwenyekiti aliuliza. "Kwenu mnazika bila watani?"

"Wapo. Ila hawalali kaburini."

"Basi kwenu watani ni wavivu."

Hata yeye alicheka, na simu ikashuka. Nilimsogelea Bibi Skolastika nikamwuliza kama anakubali Oresta awapige video, wote wawili, mwanzo hadi mwisho. "Apige," alisema. "Ila safari hii sauti yangu msiiondoe." Walikaa kwenye benchi moja, wakala ugali kwenye sahani moja mbele ya simu, wakatukanana kwa dakika tatu. Bibi Leokadia alitaja jina lake, akasema yeye ndiye mjane wa mwenye kaburi lile, na kwamba asiye na mtani wa kumlilia hivyo mhurumieni.

Kazi iliyofuata haikuwa na vicheko vingi, na ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu, kama mimi ni mwalimu. Niligawa darasa wawili wawili. Hatukutupa ile video mpya hewani tu. Nilishajifunza hewa inavyofanya. Tulikwenda simu kwa simu. Unamwomba mtu akuonyeshe ile ya kwanza, unamwonyesha ya pili, unamwomba afute ya kwanza mwenyewe kwa kidole chake, kisha unamwuliza ameipata kwa nani, unaandika jina, unamfuata huyo. Tulifanya hivyo Mollo, tukafanya Mazwi, na Oresta na mimi tukapanda basi hadi Namanyere siku mbili za soko, kwa sababu majina kumi na moja yalielekea huko. Muuza nguo mmoja wa Namanyere alinijibu, "Simu yangu, bando langu, uchungu wako." Nilimshukuru, nikaandika "amekataa", nikaenda kwa aliyefuata. Jioni alinitafuta stendi akiwa amekwisha kufuta. Mke wake alikuwa amesikia tukizungumza. Ilichukua wiki saba. Kwenye daftari kuna majina mia moja na kumi na saba. Sikudanganyi kwamba tuliimaliza. Video ile ya kwanza nimeiona tena mara mbili tangu hapo, mara ya mwisho ikiwa imepewa jina la mji mwingine kabisa. Lakini katika Mollo na pembezoni mwake haikuwa na mahali pa kukaa, na hapo ndipo Bibi alipokuwa akiishi.

Kadi za kanuni sita nilizikusanya. Kanuni zile hazikuwa mbaya, na nyingine ninazifundisha hadi leo, lakini zote zilimlinda mtoto dhidi ya mgeni. Hapakuwa na hata moja ya kumlinda jirani dhidi ya mtoto, wala dhidi ya mwalimu wake. Sasa ninaanza na swali, na wanafunzi wanalijibu kwa maandishi kabla ya kugusa simu: atakayeona hakuwepo, je, amekosa kujua nini? Kijana mmoja mwaka jana aliandika ukurasa mzima kuhusu picha ya mbuzi. Nilimpa kumi.

Kuhusu Joakimu sina la kujivunia. Aliacha kuja baada ya wiki ya pili. Nilimfuata nyumbani kwao, nikamkuta anafua, akaniambia bila kuinua kichwa, "Madam, mimi niliharibu." Nilimwambia arudi, kwamba ubao hauna wa kuubeba. Sikumwambia kwamba kazi ile niliitunga mimi, kwa kalamu yangu, na kwamba kabla ya maneno yake mawili palikuwa na "tu" yangu niliyoipigia mistari miwili nikadhani inatosha. Maneno hayo nilimwambia mjane ndani ya chumba kilichofungwa dirisha, nikashindwa kumwambia kijana wa miaka kumi na minane aliyekuwa anayahitaji zaidi. Alihamia mbali na huku. Namba yake ninayo, na kabla maandishi haya hayajatoka mikononi mwangu nitakuwa nimempigia.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, Bibi Skolastika alikuja dukani kwangu Mazwi kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanywa chai yote niliyompa, akawacheka waliokuja kupiga picha za pasipoti kwa namna wanavyokaza shingo. Duka lilipokuwa tupu alifungua pindo la khanga akatoa fundo la kitambaa, akaliweka juu ya mashine ya kopi. Aliniambia kwamba ile Jumatatu, tulipoondoka kwake mimi na Oresta, aliuza kuku wake wote saba na madebe mawili ya ulezi, kwa bei ya haraka, kwa mpita njia. Ilikuwa nauli ya kwenda kwa binti yake Mpanda, na ya kula njiani. Alikuwa amepanga kuondoka Ijumaa alfajiri, bila kuaga. Mkutano ulikuwa Alhamisi.

"Hukuniambia, Bibi."

"Ungenizuia. Na ungekuwa huna cha kunizuia nacho."

"Na sasa?"

"Sasa nataka mbolea. Nimesikia ya mwaka huu wanauza kwa kilo, si lazima mfuko. Nihesabie nijue inanifikisha wapi."

Noti zilikuwa zimekunjwa ndogo sana, nyingine zikiwa bado na harufu ya moshi. Nilizinyoosha moja moja juu ya kioo cha mashine, nikapanga kubwa chini na ndogo juu, sarafu pembeni. Nilihesabu, nikahesabu tena, kisha nikamtajia: shilingi elfu arobaini na moja na mia tano.